Jembe la Matuta Lililobaki Kwihara

Trekta langu ni dogo kiasi kwamba ng'ombe wa jirani wanalidharau. Wanapita mbele yake hata shingo hawageuzi. Lina magurudumu manne, injini ya pistoni moja, kiti cha chuma chenye matundu, na usukani uliopasuka ambao nimeuzungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Liliingia nchini zamani kwa ajili ya bustani ya misheni moja ambayo mapadri wake walishaondoka, kisha likapita mikononi mwa watu watatu, na kila mmoja aliliharibu kwa namna yake. Mimi ni wa nne. Nimelitengeneza kwa miaka sita, na sasa linawaka ukivuta kamba mara mbili. Asubuhi ya baridi, mara tatu.

Tatizo ni zana. Trekta la bustani bila zana zake ni kigari tu cha kumtembeza mzee. Langu lilikuja na zana tatu za kufunga nyuma: plau, haro inayozunguka kusaga madongoa, na jembe la matuta, lile lenye mabawa mawili linalogawa udongo kulia na kushoto. Plau ninayo. Haro ninayo, ingawa meno yake manne nimeyachomelea mwenyewe na hayapendezi. Jembe la matuta sina, na huku kwetu asiyelima matuta hajalima. Viazi vitamu, karanga, tumbaku, hata mahindi ya watu makini, vyote vinakaa juu ya tuta.

Lakini najua lilipo. Liko Kwihara, mwendo wa baiskeli usiofika saa moja kutoka kwangu Ipuli, nyumbani kwa mtani wangu. Kwa miaka nimelitafuta kila mahali isipokuwa huko.

Mtani wangu ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Babu zetu sisi Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo ya watu kati ya hapa na pwani, wakawa wanapita kwa Wazaramo, wanaomba maji, wanagombana, wanazikana, na tangu hapo sisi na wao tumepeana ruhusa ya kuambiana lolote bila mtu kukasirika. Huyu wangu nilikutana naye karakana ya reli. Alihamishiwa Tabora akiwa kijana, mimi nikiwa fundi wa breki. Siku ya kwanza aliniita mpagazi, akaniuliza mzigo wake nimeuweka wapi. Nikamwambia nimeuuza njiani, kwa sababu Mzaramo aliyeniuzia maji alikuwa mwizi. Tukaendelea hivyo zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu hakurudi pwani. Alikuwa ameoa Kwihara na kujenga Kwihara, kando ya barabara ya kwenda kwenye tembe alimokaa yule Mzungu mvumbuzi wa zamani, na alipenda kusema kwamba amebaki ili awachunge wapagazi wake wasitoroke.

Aliyetaka trekta ni mke wangu. Mgongo wake ulikuwa umeshachoka na jembe la mkono, na shamba letu la nyuma ya nyumba alilipenda kuliko nyumba yenyewe. Alilima viazi, akivuna anakata vingine na kuanika michembe, vingine anavichemsha kwanza na kuanika matobolwa, halafu anawafungia watoto wetu walioko mbali kana kwamba huko waliko hakuna chakula. Nilipolileta trekta, msimu wa kwanza alitembea nyuma ya lile jembe la matuta bila viatu. Kila tuta likitoka alilikanyaga kwa kisigino kuona kama limeshika. Lisiposhika, ananiamuru nirudi. Nilirudi sana mwaka ule.

Tulilima misimu miwili. Wa tatu, pistoni ilikwama ndani ya silinda, na yeye akaanza kuugua.

Mtani alikuja kila baada ya siku moja. Walikaa uani, yeye kwenye mkeka na mtani kwenye kiti changu, na nilipokuwa jikoni nikihangaika na uji niliwasikia wakicheka. Nikitokea, wananyamaza. Niseme kweli, niliona wivu. Si wivu wa mwanamume na mkewe. Niliona wivu kwa sababu mbele yangu mke wangu alikuwa mgonjwa, na mbele ya mtani alikuwa yule yule wa siku zote.

Alasiri moja, zikiwa zimebaki siku chache ingawa hatukujua, mke wangu aliomba apelekwe kwenye banda la trekta. Tulimshika mkono huku na huku. Nilirudi ndani kumtafutia kiti, na nilipotoka nacho nilimkuta ameegemea bega la mtani, ananyooshea kidole zile zana zilizopangwa ukutani, wote wawili wanacheka mpaka yeye akapaliwa na kikohozi. Nikauliza kinachochekesha ni nini. Mtani akasema walikuwa wanaamua nani atanirithi mimi. Nikaweka kiti chini nikaenda zangu, nikidhani mke wangu anaaga vitu vyake.

Sasa nije kwenye siku ya mazishi, ambayo siipendi kuieleza.

Kwetu mtani hakosi kwenye msiba. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anateka kitu cha wafiwa na kukataa kukirudisha mpaka kikombolewe kwa kuku au chochote kidogo. Watu wanacheka, wanapumua, halafu wanaendelea kulia. Mimi mwenyewe nilisafiri hadi Uzaramo alipofiwa na mama yake, nikajilaza katikati ya njia ya makaburini, nikasema jeneza halipiti mpaka nipewe sahani ya pilau na mtu wa kunilisha. Alinilisha yeye mwenyewe, huku machozi yanamtoka na bado anacheka. Kwa hiyo siwezi kusema sikuujua utani. Niliujua, na nilikuwa nimeshautumia.

Mtani alikuja kwangu amejifunga kanga ya mke wangu kiunoni. Alipita mbele ya wafiwa akitembea kama alivyotembea marehemu, mkono mmoja mgongoni, akaingia bandani, akatoka analiburuta jembe la matuta. Liliacha mstari uani kote. Akalifikisha penye mkeka wa waombolezaji, akalikalia, akasema, "Hili marehemu kaniachia mimi. Mpagazi akilitaka, alifuate."

Watu walicheka. Dada yangu, aliyekuwa amelia tangu alfajiri hadi sauti ikakauka, naye alicheka. Kicheko chake ndicho kilichoniwasha. Nikasimama, nikamwambia, "Wewe si ndugu yetu. Toka kwangu."

Hakuna aliyefikiri ni utani, kwa sababu haukuwa. Mtani alinitazama kidogo. Kisha akainuka, akafungua ile kanga, akaikunja vizuri pande nne, akampa dada yangu. Jembe akalifunga kwenye keria ya baiskeli yake akaondoka nalo akisukuma, kwa kuwa kitu kilichotekwa na mtani hakiachwi pale bila kukombolewa. Na mtani aliyefukuzwa kwa hasira ya kweli harudi mpaka aitwe. Yote mawili nayajua tangu utoto.

Dada yangu alinisihi niende ndani ya siku tatu. Nilimwambia nitakwenda. Akasema basi angalau kabla ya arobaini. Nikasema nitakwenda. Mwanzoni kilichonizuia ni hasira, na ile haikuchukua hata mwezi. Baada yake ikaja aibu, na aibu ina tabia mbaya ya kukua kila unapoiahirisha. Mwaka ulipopita ningeona haya kutokea mlangoni kwake, na ilipopita mitatu sikujua hata ningeanza na salamu gani.

Watoto walirudi makwao, dada yangu akarudi kwake, nikabaki na nyumba ya vyumba vinne na saa ya ukutani. Ndipo nikalifungua trekta. Sikuwa na mpango wowote nalo, nilitaka mikono iwe na shughuli. Nilimimina mafuta mepesi juu ya pistoni nikayaacha yapenye, kila asubuhi nikienda kuigonga kwa kipande cha mninga na nyundo ndogo. Ilichukua wiki nyingi. Siku ilipoachia, ikashuka taratibu kama mtu anayeketi, niligeuka kumwambia mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa. Banda lilikuwa tupu, nikaufunga.

Siku zangu zikawa hivyo. Nilisafisha kabureta kwa mswaki wa zamani. Nilikata gasketi kutoka kwenye buti la mpira lililokufa, zikavuja, nikakata nyingine. Mjini kuna duka la vipuri la Mhindi mmoja, duka la babu yake kabla yake, lenye ghala la nyuma ambalo yeye mwenyewe halijui lote. Ni mdogo kwangu na ana adabu. Nikiingia tu, "Shikamoo mzee," kisha ananiachia nipekue. Mkanda wa kuzungushia haro tuliupata kwa kupima na uzi, boksi hadi boksi, kuanzia alipotoka msikitini adhuhuri hadi alipofunga. Kuna wiki ambazo sauti yake ndiyo pekee niliyoisikia ikinijibu, ukiacha simu ya watoto Jumapili.

Trekta lilipowaka nikaanza kutafuta jembe la matuta. Kila niliyemuuliza alishangaa kwa nini nisilime tambarare. Nikasikia kuna zana za trekta dogo Lusu, huko Nzega. Nikaenda. Ilikuwa mashine ya kukatia majani, imepinduliwa, kuku wamelalia humo, na mwenyewe akaniambia nisiwasumbue kuku wake. Nikasikia kuna jembe Ulyankulu, nikadandia lori la mbao.

Mwenye jembe alikuwa mkulima wa asili ya Burundi, mtu mpole, na lilikuwa jembe la kukokotwa na ng'ombe wawili, kubwa mno kwangu. Nililiona hilo mara moja, lakini nilikuwa nimetoka mbali na alinikaribisha chakula. Walisali kwanza, familia nzima, watu kumi na mmoja wakizunguka sinia mbili za ugali na maharage. Mkewe alimgombeza kwa kumega matonge makubwa mbele ya mgeni. Yeye akajibu kwamba mgeni naye anamega makubwa, ila kwa siri. Nilicheka nao. Sikuwa nimegombezwa na mtu kwa miaka mitano, na nilikaa pale nikitamani yule mama anigombeze na mimi.

Nikalichukua lile jembe la ng'ombe, kwa ubishi tu. Nikalikata kidogo, nikalichomelea vishikio, nikalifunga nyuma ya trekta, nikaingia shambani. Jembe lilipozama, trekta likasimama kwa miguu ya nyuma. Kweli lilisimama, magurudumu ya mbele yanaelea, mimi nimetazama mawingu na usukani hauna kazi. Nilizima injini nikashuka kwa kuteleza. Nikaanza kucheka. Halafu nikawaza mtani angesema nini akiniona vile, nikajua kabisa angesema nini, neno kwa neno, na hakuna aliyekuwapo kulisema. Nikaketi kwenye mfereji nikalia. Nililia vizuri, jinsi ambavyo sikulia siku ya mazishi.

Hata hivyo sikwenda Kwihara. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Aliyenipeleka ni yule kijana Mhindi wa duka la vipuri, bila kujua. Mwezi uliopita nilikwenda kununua plagi. Alipokuwa anafunga, aliniuliza habari za yule rafiki yangu Mzaramo wa Kwihara, tuliyekuwa tukiingia dukani pamoja enzi za baba yake. Nikasema sijamwona siku nyingi. Akasema yeye humwona kila mwaka kabla ya mvua, huja kununua kopo la grisi. "Nilimuuliza, mzee, umenunua gari? Akasema hana gari. Ana mzigo wa mtu, hataki ushike kutu."

Nilitoka nikaiacha plagi juu ya meza. Ikabidi anikimbilie nayo barabarani.

Jumamosi iliyofuata nilimkamata jogoo wangu mkubwa, nikamfunga miguu, nikamweka kwenye boksi chini ya kiti, nikawasha trekta. Njia nzima ya mchanga nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kusema "nisamehe", "nilikosea", "hasira za msiba". Baiskeli zilinipita. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alinipita pia. Nilikuwa na muda wa kutosha kuyapanga na kuyapangua.

Shemeji, mkewe, alikuwa anapepeta mchele uani. Aliniona, akaweka ungo chini. Mtani alikuwa kwenye kiti ukutani, amekonda, fimbo katikati ya magoti, jicho moja limeingia ukungu. Aligeuza sikio kwenye sauti ya injini mpaka nilipoizima.

"Nani kamruhusu mpagazi apande chombo?" akasema.

Maneno yangu yote yakapotea. Na ndipo nilipoelewa kwamba yasingefaa kitu, maana mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umeuvunja utani mara ya pili.

"Nimefuata mzigo wangu," nikasema. "Nimesikia Mzaramo kauiba."

"Miaka sita uko njiani kutoka Ipuli. Ulipitia Ujiji?"

Shemeji akajifunika mdomo kwa kanga. Nikaletewa kigoda. Nikanywa chai ya tangawizi, nikatukanwa mimi, baba yangu, trekta langu na kofia yangu, na kila tusi lilinituliza. Baadaye akamwagiza mkewe, na jembe likatolewa kutoka chumba cha ndani, limeviringishwa gunia. Mabawa yote mawili yaling'aa kwa grisi. Nililishika, nikashindwa kuficha uso.

Mtani aliacha utani hapo. Sauti yake ilishuka.

"Unajua nani aliniambia nilichukue?"

Nikasema sijui.

"Ni yeye. Siku ile bandani. Mimi nilishachagua kuteka sufuria lenu kubwa. Akasema, sufuria hatalifuata, chukua jembe la matuta. Hilo siku tatu hazitapita atakuja kwako. Akija mkalishe, mpe chai, na usimpe siku hiyo hiyo. Mwambie arudi. Akasema, yule mtu nikimwachia nyumba tupu atakaa peke yake mpaka afe."

Shemeji alikuwa ameshaondoka, nadhani kwa makusudi. Mke wangu aliishi nami miaka mingi akanijua nilivyo. Alijua nitakaa peke yangu, na alijua kitu pekee kitakachonitoa nje, akakinyooshea kidole akicheka, akiwa amebakiza siku chache. Alikosea kwenye zile siku tatu tu, kwa kuwa alinidhania vyema kuliko ninavyostahili. Kila mwaka katika miaka ile sita, hapa Kwihara palikuwa na chai yangu, na mimi nilikuwa Lusu nagombana na kuku.

Nilimpa jogoo. Alimpima kwa mkono, akasema amekonda kama mwenyewe, lakini amepokelewa. Nikainama kulibeba jembe. Akaweka fimbo yake juu yake.

"Leo sikupi."

Nikamwambia mvua zinakuja, shamba liko tambarare.

"Maagizo ni maagizo," akasema. "Rudi Jumamosi."

Nikarudi Ipuli na trekta langu, nyuma halina kitu. Jumamosi nilikwenda, nikanywa chai, hakunipa. Jumamosi iliyofuata nilimpelekea michembe ya kununua sokoni, akaila yote akasema haifikii ile ya marehemu, na hakunipa. Nyumba yangu bado ina vyumba vinne na saa ile ile, na jioni ni ndefu kama zamani, sitadanganya. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Nimeanza matuta kwa jembe la mkono, tuta moja kwa siku kwa sababu mgongo nao umeshazeeka, na kila nikimaliza moja ninavua kiatu na kulikanyaga kwa kisigino. Mengi hayajashika. Kesho ni Jumamosi, na trekta nimeshalitia mafuta.